WhatsApp na "nusu ya kuonana": tathmini ya programu kama chombo cha kutunza urafiki

Enzi za barua, mwandishi alikuwa akikumbusha mapema kabisa kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Alikuwa mkweli: aliahidi nusu, hakuahidi kitu kizima. Kwa kipimo hicho hicho tunaikagua WhatsApp hapa, kama chombo cha kutunza urafiki kati ya watu wasioonana kila siku. Kila kazi yake kubwa tumeiuliza swali moja: inaleta kiasi gani cha kuonana? Nusu? Robo? Thumni, yaani sehemu moja ya nane? Au haileti kitu, ila inamwachia mtu hisia tu kwamba amewasiliana?

Kwa mwenye haraka: kushikilia urafiki uliokwisha kujengeka, inaweza sana, mradi mtumie sauti kuliko vidole. Kujenga urafiki mpya, ni dhaifu. Kupanga watu waonane, hapo ndipo ilipo kazi yake bora, na cha ajabu ni kwamba zana zake za kupangia ndizo zinazokaa bila kuguswa kwenye simu nyingi.

Maandishi: robo

Tangu Jan Koum na Brian Acton waianzishe mwaka 2009, maandishi ndiyo mkate wa kila siku wa programu hii. Uzuri wake ni kwamba hayamsimamishi mtu alipo. Rafiki anayefanya kazi usiku, aliye kwenye majira mengine ya saa, aliyelazwa, asiyesikia, au mwenye haya ya kuongea, wote hao maandishi huwapa nafasi ambayo simu haiwapi. Ujumbe husubiri hadi siku 30 mwenyewe awashe simu yake; ukipita muda huo bila kufika, hufutwa.

Kinachokosekana ni toni. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha majaribio ambayo watu walituma sentensi, nyingine za kweli na nyingine za kejeli. Watumaji waliamini wapokeaji wangetambua ipi ni ipi karibu mara nne katika tano. Waliosikia kwa sauti walipatia karibu robo tatu. Waliosoma kwa barua pepe walipatia kidogo tu kumzidi mtu anayerusha sarafu. Sababu yake si ngumu: anayeandika huisikia sauti yake mwenyewe kichwani, anayesoma haisikii. Ndiyo maana "sawa" peke yake inaweza kusomwa kama kukubali, kununa, au kuchoka na mtu. Iongezee maneno manne na hatari inakwisha: "Sawa, niko kikaoni, nitakupigia jioni." Ukishateleza, una dakika 15 za kuhariri ulichoandika. Kufuta kwa wote kunawezekana kwa siku mbili na saa kadhaa, lakini panabaki alama kwamba kuna kitu kimefutwa, na kwa rafiki mwenye wasiwasi alama hiyo huzua maswali kuliko kosa lenyewe. Hariri ukiweza; futa ukilazimika.

Kisha kuna tiki. Moja ya kijivu: ujumbe umetoka kwako. Mbili za kijivu: umefika kwenye simu yake. Za bluu, zilizoongezwa Novemba 2014: mazungumzo yamefunguliwa. Hazisemi kwamba ameelewa, wala kwamba alikuwa na nafasi ya kujibu. Huenda alifungua akiwa anapanda gari. Hakuna rangi katika programu hii iliyogombanisha marafiki kama hii. Ushauri wetu ni kuzima taarifa za kusomwa kwenye Mipangilio, sehemu ya Faragha, na kuficha pia muda wa mwisho kuonekana. Ujue masharti yake lakini: ukificha vya kwako, na vya wenzako huvioni. Na kuzima huko hakugusi makundi, wala ujumbe wa sauti. Huko mtumaji ataendelea kujua. Mtego mwingine ni ule wa kufungua ujumbe kisha kuuweka alama ya "haujasomwa" ili ukukumbushe baadaye. Alama hiyo ni yako peke yako. Kwa mwenzako bluu imeshawaka.

Mazungumzo ya "Mambo?" "Poa, wewe?" "Poa" hufa kwa sababu hayana kitu cha kushika. Kabla ya kumwandikia rafiki mliyekaa kimya mwezi mzima, fungua mazungumzo yenu, ingia kwenye utafutaji wa ndani na utafute neno moja kama "mtihani", "daktari" au "kuhama". Utakutana na jambo aliloliacha njiani, na swali lako litaanzia hapo: "Ule uhamisho uliishia wapi?" Ujumbe wenye tarehe muhimu uuwekee nyota ili uupate bila kuchimba. Kazi hii inachukua chini ya dakika moja, na ndiyo inayoupandisha ujumbe wa maandishi kutoka thumni hadi robo.

Ujumbe wa sauti: thuluthi, na mara nyingine zaidi

Uliongezwa mwaka 2013, na kwa maoni yetu ndiyo kazi bora kuliko zote kwa marafiki wa mbali. Unabeba kicheko, pumzi, kusita, kelele za mahali mtu alipo, na bado haumlazimishi mwenzako kuwa huru wakati huo huo. Thamani ya sauti yenyewe si hadithi tu. Mwaka 2012 Leslie Seltzer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walichapisha utafiti wa wasichana wa miaka 7 hadi 12 waliopewa jaribio la kuwatia msongo, kisha wakawasiliana na mama zao. Walioongea kwa simu au ana kwa ana, homoni ya msongo ilishuka na oksitosini, homoni ya ukaribu, ikapanda. Walioandikiana ujumbe wa papo kwa papo hawakupata nafuu hiyo. Miili yao ilifanana na ya wale ambao hawakuwasiliana na mtu. Wale walikuwa mama na watoto katika mazungumzo ya moja kwa moja, si marafiki na rekodi, kwa hiyo hatudai kwamba rekodi ya dakika moja itafanya vile vile. Ila inaonyesha kitu gani hupotea maneno yanapogeuka herufi.

Namna ya kurekodi ina umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Bonyeza alama ya maikrofoni, telezesha kidole juu ili ijifunge, kisha iachie simu; ukiendelea kuibana kwa kidole utaharakisha maneno bila kujua. Unaweza kusimamisha, kuvuta pumzi, kuendelea, na kujisikiliza kabla ya kutuma. Maikrofoni kuu ya simu nyingi iko chini, kwa hiyo usiifunike na kiganja. Umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni unatosha. Upepo ndio adui namba moja: ukiwa nje, upe mgongo. Vifaa vya masikioni vya Bluetooth huifanya sauti iwe ya kopo mara nyingi, kwa kuwa vinaporekodi hupunguza ubora. Kwa rekodi ya maana, tumia simu yenyewe.

Urefu mzuri ni dakika moja hadi mbili. Zikizidi tatu, tanguliza mstari wa maandishi: "Dakika 4, habari za kazi mpya, haina haraka." Mstari huo humwokoa mwenzako na hofu ya kubonyeza jambo asilolijua mbele za watu. Kama mna mambo matatu, rekodi mara tatu badala ya moja ndefu. Zikifuatana huchezwa mfululizo zenyewe, na mwenzako anaweza kutelezesha ile moja anayotaka kuijibu ili jibu lake liambatane nayo. Bila hivyo, hutokea kile kinachotokea kwenye rekodi zote ndefu: mtu anajibu jambo la mwisho alilosikia na kusahau mawili ya mwanzo, na wewe unaona kama amelipuuza lile lililokuuma. Anayesikiliza naye aandike neno moja kwa kila jambo kabla hajajibu.

Siri zina shida yake. Rekodi hutokea kwenye spika kubwa mpaka msikilizaji aipeleke simu sikioni. Anza kwa kusema, "Sikiliza ukiwa peke yako." Kwa mambo mazito zaidi ipo rekodi ya kusikilizwa mara moja tu, ambayo huteuliwa kwa kugusa alama ya namba 1 kabla ya kutuma. Kuhusu kasi: 1.5 inafaa kwa maelekezo na habari za kawaida. Rafiki anapoeleza msiba au kuachwa, iache kwenye 1. Ukiiharakisha unakata ule ukimya kati ya maneno, na mara nyingi ujumbe uko kwenye ukimya huo. Programu siku hizi inaweza pia kugeuza rekodi kuwa maandishi, si kwa lugha zote. Ni msaada kwa aliye kikaoni, ila ukisoma tu bila kusikiliza umejishusha mwenyewe kurudi kwenye robo.

Simu ya sauti na ya video: nusu, na ushei

Simu za sauti ziliingia mwaka 2015, za video Novemba 2016, na sasa simu moja inabeba hadi watu 32. Kizuizi kikubwa cha simu hakiko kwenye programu. Kiko kwa mpigaji, anayeogopa kwamba itakuwa aibu, hakutakuwa na la kusema. Amit Kumar na Nicholas Epley waliipima hofu hiyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021: watu waliombwa kuwatafuta marafiki wa zamani kwa simu au kwa barua pepe. Walitarajia simu ingekuwa na aibu zaidi. Haikuwa, na waliopiga walijisikia karibu zaidi na wenzao kuliko walioandika.

Piga, basi, lakini bisha hodi kwanza. "Nina dakika 15, naweza kupiga? Hakuna baya." Maneno mawili ya mwisho yasiachwe, simu ya ghafla kutoka kwa mtu wa mbali humfanya mpokeaji afikirie msiba kwanza.

Kinachoharibu simu za mtandaoni ni kuchelewa kwa sauti. Katika mazungumzo ya kawaida watu hupokezana kwa haraka mno: utafiti wa Tanya Stivers na wenzake wa mwaka 2009, uliopima lugha 10, ulikuta pengo kati ya mmoja kumaliza na mwingine kuanza ni kama milisekunde 200 kwa wastani. Shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, nalo hupendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Mtandao ukizidisha hapo, mpangilio unavurugika: mnaanza kuongea pamoja, mnanyamaza pamoja, kisha "sema wewe", "hapana, endelea". Baada ya dakika tano za hivyo mtu huhisi kwamba mwenzake hana hamu naye leo, kumbe ni pengo la sekunde nusu. Jambo la kwanza, zima video. Sogea karibu na ruta, au ondoka kwenye Wi-Fi uingie data ya simu. Simamisha upakuaji wowote. Kwenye Mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, washa kutumia data kidogo kwa simu. Ikikataa yote, kata na upige simu ya kawaida. Haina kuchelewa kwa aina hiyo.

Mwangwi unastahili neno lake kwa kuwa kila mtu hulaumu simu isiyohusika. Ukiisikia sauti yako ikirudi, tatizo haliko kwako: spika ya mwenzako inaingia kwenye maikrofoni yake. Yeye ndiye avae vifaa vya masikioni.

Video inapata ushei kwa sababu ya uso. Tatjana Vlahovic, Sam Roberts na Robin Dunbar waliwafuatilia watu kwa siku 14 wakiandika kila walivyowasiliana na marafiki wa karibu. Kuonana ana kwa ana na kuonana kwa Skype kuliridhisha kuliko simu na maandishi, na mazungumzo yenye kicheko, kwa njia yoyote, yaliridhisha zaidi. Ila kuna kasoro isiyorekebishika: kamera iko juu ya kioo, macho ya mwenzako yako katikati. Ukimtazama machoni, yeye anakuona umeinamisha macho. Iegemeze simu ifike usawa wa macho, ikae mbali kidogo, mkono ukikunjuka, ili tofauti hiyo ipungue. Mwanga uwe mbele yako. Dirisha nyuma ya mgongo linakugeuza kivuli. Kwa wanaotumia lugha ya alama hesabu yetu ya nusu haiwahusu hata kidogo: kwao video ni mazungumzo yenyewe, mradi mikono yote iingie kwenye fremu na picha isikatike.

Wapo marafiki ambao simu haiwafai hata iwe safi namna gani. Roberts na Dunbar, katika utafiti uliotoka mwaka 2015, waliwafuatilia vijana wa Uingereza waliomaliza sekondari. Kwa wasichana, kilichozuia urafiki kupoa ni kuongea. Kwa wavulana ilikuwa zaidi ni kufanya jambo pamoja. Bila kumfunga kila mtu kwenye jinsia yake, hapo kuna dawa: kama rafiki yako ni wa kutenda, acha kumpigia ili "muongee". Pigianeni mkitazama mechi moja, kila mmoja kwake. Chezeni sataranji mtandaoni simu ikiwa hewani. Tumia kushiriki kioo, kulikoingia kwenye simu za video mwaka 2023, mchague picha au mrekebishe wasifu wa kazi pamoja. Mazungumzo yatakuja yenyewe pembeni.

Stetasi, emoji na kusambaza: thumni, au sifuri

Stetasi ilikuja Februari 2017, hudumu saa 24, na huonekana tu kwa wale ambao mmehifadhiana namba. Tatizo lake ni udanganyifu wa pande mbili. Mtazamaji anajua umehama, umefaulu, umenenepa, kwa hiyo haoni haja ya kuuliza. Wewe unaliona jina lake kwenye orodha ya waliotazama, unahisi yupo. Mwaka unapita hamjaambiana neno. Sifuri. Ukiijibu kwa sentensi inageuka kuwa maandishi na kupata robo yake, na hiyo ndiyo sababu pekee ya kuitazama.

Emoji ya moyo juu ya ujumbe ni thumni ikiwa inafuata mazungumzo, kama mtu anavyotikisa kichwa. Ikiwa ndiyo jibu pekee kwa "nimepoteza kazi", afadhali kukaa kimya saa moja kisha kupiga.

Kusambaza tunakupa sifuri bila majadiliano. Tangu Aprili 2020 ujumbe uliopita mikono mingi, mitano au zaidi, hubeba mishale miwili na huweza kupelekwa kwa mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Anayepokea picha ya maua ya asubuhi njema yenye mishale miwili anajua fika kwamba hakufikiriwa yeye. Alikuwa njiani tu.

Makundi

Kundi linabeba hadi watu 1,024, namba isiyo na maana yoyote kwa urafiki. Katika maisha ya kawaida, Dunbar na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba mazungumzo ya hiari hubeba kama watu wanne. Wa tano na wa sita wakiingia, hugawanyika. Kundi la simu haliwezi kugawanyika, kwa hiyo watatu wanaongea na ishirini wanatazama. Wale ishirini hawajatunziwa urafiki wowote. Kwa marafiki wa kweli fungueni kundi la watu wanne hadi sita, lile kubwa la shule au kazini libaki ubao wa matangazo.

Siku za kuzaliwa zinaonyesha kasoro hii vizuri. Wa kwanza anaandika, waliobaki wananakili, mwenye siku anapata salamu thelathini zinazofanana na hakumbuki moja. Mtumie ya kwake pembeni, kwa sauti, sekunde 40. Na msiba, vivyo hivyo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki haifai kujibiwa kwenye foleni ya "pole sana". Kundi likupe habari, kisha toka nje ya kundi upige.

Tiki za kundi zina hesabu tofauti: mbili za kijivu zikitokea, wote wamepokea, bluu ikitokea, wote wamefungua. Mmoja akizima simu wiki nzima, ujumbe wako utabaki na tiki moja. Usimnunie mtu kwa hilo. Kelele zikizidi, nyamazisha kwa saa 8, wiki moja, au daima. Na tangu 2022 unaweza kuondoka kimyakimya, wasimamizi tu wakijulishwa.

Nani, lini

Hapa ndipo programu inapohitaji kusaidiwa na mtumiaji, kwa sababu yenyewe hupanga watu kwa aliyeandika mwisho, si kwa aliye muhimu. Rafiki mkimya huzama. Dunbar hukadiria kwamba mtu ana kama watu 5 wa ndani kabisa, 15 wa karibu, 50 wa kawaida, na 150 kwa jumla, na kwamba kila duara lina mwendo wake: kila wiki, kila mwezi, kila nusu mwaka, mara moja kwa mwaka. Namba ya 150 ina wapinzani. Watafiti wa Stockholm waliishambulia mwaka 2021. Kama ratiba, hata hivyo, inafanya kazi. Bandika watatu juu, nafasi ndizo tatu. Kwa waliobaki tengeneza orodha ya mazungumzo, uite unavyotaka, uwaweke 15 wako, na uifungue siku moja ya kila wiki: nani amekaa mwezi? Jihadhari na kuweka mazungumzo kwenye kumbukumbu (Archive) ili kusafisha kioo. Yakishaingia huko hukaa huko hata ujumbe mpya ukija, na watu wengi wamewapoteza marafiki kwa njia hiyo bila ugomvi wowote.

Aliyepotea miaka hutafutwa kwa ujumbe mfupi. Peggy Liu na wenzake walichapisha mwaka 2022 matokeo kwamba anayetafutwa hufurahi kuliko mtafutaji anavyokisia, hasa kama hakutarajia. Usianze kwa aya ya kuomba radhi. Inampa kazi ya kukusamehe kabla hajakusalimu. Kitu kimoja mnachokumbuka wote kinatosha: "Leo nimepita karibu na ule uwanja wetu, nikacheka peke yangu. Natumaini uko salama. Usijisumbue kujibu haraka." Akijibu, tuma sauti ndani ya wiki hiyo. Mkiendelea kwa maandishi tu, itapoa tena mwezi ujao.

Jambo la kiufundi linalovunja nyuzi nyingi ni namba. Ukibadilisha laini, tumia kitendo cha kubadilisha namba ndani ya programu, nacho kina chaguo la kuwajulisha watu wako. Usifungue akaunti mpya. Akaunti iliyokaa siku 120 bila kutumika hufutwa, na kampuni za simu hurudisha namba zilizoachwa sokoni, hivyo "mambo, umepotea" yako inaweza kumfikia mtu baki. Washa uthibitishaji wa hatua mbili wenye PIN ya tarakimu 6, na usimpe mtu yeyote msimbo wa usajili. Rafiki akikuomba pesa kwa maandishi, mpigie kwanza umsikie sauti, kwani akaunti iliyotekwa huandika kama yeye. Nakala rudufu iwashwe. Ukiifunga kwa ufunguo wa tarakimu 64, uandike kwenye karatasi, maana ukipotea hakuna wa kukufungulia.

Kuonana kwenyewe

Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba inachukua kama saa 50 za kukaa pamoja mtu kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida, saa 90 kuwa rafiki, na zaidi ya 200 kuwa rafiki wa karibu. Simu ya dakika 15 kila wiki ni saa 13 kwa mwaka. Siku mbili za kukaa pamoja, ukitoa usingizi, ni zaidi ya saa 30. Ndiyo maana tunasema programu hii inashikilia kuliko inavyojenga, na thumni nane za emoji hazijawahi kufanya kitu kizima.

Lakini angalia inavyoweza kupanga. "Tutafutane siku moja" ni maneno ya kuagana, hayana tarehe. Badala yake weka kura kwenye kundi, tarehe tatu tu ingawa nafasi ni 12, ruhusu mtu kuchagua zaidi ya moja, na useme kura inafungwa lini. Ikishinda tarehe, tengeneza tukio lenye saa na mahali ili kila mmoja athibitishe kwa kubonyeza. Kura zisizo na siku ya kufungwa ndizo zinazokufa. Watu husubiriana mpaka tarehe zenyewe zinapita. Siku hiyo shiriki mahali ulipo mubashara kwa saa 1, si 8, na uzime ukifika, maana inakula betri na inaendelea kuonyesha unakoenda baadaye.

Mkishakaa, nyamazisha makundi kwa saa 8 na simu ziingie mfukoni. Picha zipigwe na mmoja. Zikitumwa kawaida, programu inazibana na sura za waliokaa nyuma zinapotea. Achague ubora wa HD, au azitume kama hati, ambapo faili la hadi GB 2 hupita bila kubanwa. Azitume usiku ule ule. Zikichelewa wiki mbili hupokelewa kwa moyo mmoja wa emoji, zikiwahi huleta rekodi za sauti za watu wanaocheka wakiwa bado njiani kurudi.